Siku Nne Mombasa Bila Chelel

Jumapili, 10 Agosti

Merigi, Bomet. Tunasafiri kesho. Baada ya kanisa Nelvine, mke wangu, amenikalisha chini na kunipa sharti moja tu. Siku nne Mombasa, yeye na mimi na watoto, na ng'ombe wetu Chelel asitajwe hata mara moja. Amesema miaka kumi na mmoja ya ndoa amelala kando ya mwanaume anayenuka maziwa na hajawahi kulalamika. Si kweli, alilalamika Machi. Lakini nimekubali. Nimeapa mbele ya watoto.

Shida ni hii. Chelel hashushi maziwa asiposikia sauti yangu. Merigi nzima inajua, nimewaambia mwenyewe. Mwaka jana nilienda matanga Fort Ternan, siku mbili tu, akabana maziwa. Kiwele kikavimba kama mpira. Daktari wa mifugo alisema ilibaki kidogo tumpoteze. Na huyo Chelel ndiye anasomesha watoto. Kwa hivyo mke nimemwapia, na ng'ombe siwezi kumwacha.

Mpango: jirani yangu Kepher, wa kiwanda cha chai, atamkamua pamoja na mke wake Dorcus. Kila alfajiri na kila saa kumi jioni nitapiga simu kwa siri. Kepher ataweka spika kwenye sikio la Chelel, mimi nitaongea mpaka ndoo ijae. Kepher akauliza kama ni mzaha. Nikamwambia sina mzaha na kiwele.

Jumanne, 12 Agosti

Mombasa. Joto! Nimekuja na sweta tatu na koti. Si kosa langu, kwetu Agosti ni baridi.

Alfajiri nilipigia chooni. Nikamsalimia Chelel kwa Kikipsigis, chamgei, nikamwimbia kidogo. Mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kepher amesema ndoo imejaa. Sikushangaa.

Jioni tulikuwa Fort Jesus. Mtu wa kutembeza wageni alieleza jinsi watu walivyozingirwa humo karibu miaka mitatu. Nikauliza maziwa walitoa wapi. Akasema hajui. Kazi yake ni historia na hajui watu walikunywa nini. Saa kumi kasoro dakika mbili nikajifanya viatu vinanibana, nikabaki nyuma ya mizinga, nikapiga simu. Niko katikati ya wimbo, nageuka, namkuta binti yangu Cherotich, miaka tisa, mikono kiunoni.

Tumeelewana. Yeye hajaona kitu, mimi nanunua mabuyu. Mdogo wake Kipkurui naye lazima apate, kwa sababu ameanza kuuliza maswali.

Jumatano, 13 Agosti

Mabuyu yalikuwa kosa. Hakuna aliyeniambia yana rangi. Watoto wote wawili midomo myekundu, meno mekundu, na mashuka ya lodging pia. Nelvine akauliza nani amewanunulia mabuyu yote hayo na kwa nini. Nikasema nawapenda watoto wangu. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso aone kama nina homa.

Jioni tukaenda ufukweni. Nelvine akakaa mchangani pale pale nilipopanga kupigia simu. Ikabidi niingie baharini. Maji kifuani, simu juu kwa mkono mmoja, macho nimefunga ili nimwone Chelel vizuri, naongea Kikipsigis kwa nguvu kwa sababu ya mawimbi. Nilipofungua macho kulikuwa na watu kumi na wanne nyuma yangu, wote mikono juu. Kikundi cha maombi kutoka Kisii. Walidhani nimeanzisha ibada. Mama mmoja, Eucabeth, akaniomba nimwombee goti. Sasa ningefanya nini? Nikaliombea goti, Kepher na Chelel wakisikiliza. Likaja wimbi. Simu imeenda.

Nelvine aliuliza simu iko wapi. Nikasema nimeamua kupumzika bila simu, hii likizo ni ya familia. Alinishika mkono mpaka lodging. Hakuwa amenishika mkono barabarani tangu Cherotich azaliwe. Nilijisikia vibaya sana, karibu nimwambie ukweli.

Sikumwambia.

Alhamisi, 14 Agosti

Alfajiri bila simu. Sikulala. Nikifunga macho naona kiwele, nikifungua naona kiwele. Chai ya asubuhi imenishinda kumeza.

Jioni nikapata njia. Ufukweni kuna mzee mwenye ngamia, na ana simu. Lakini simu hamwazimi mtu yeyote tu, anamwazima mteja, na mteja lazima apande. Nikapanda. Namba ya Kepher naijua kwa kichwa. Nilipoanza kuongea ile sauti ya Chelel, ngamia akasimama. Nikaendelea. Ngamia akapiga magoti. Ngamia huanza na miguu ya mbele, jambo ambalo mtu angeniambia mapema. Nikateleza shingoni mpaka mchangani, miguuni pa Nelvine, ambaye alikuwa amekuja kunipiga picha. Simu bado iko kwa spika. Ikatoka sauti ya ng'ombe, ndefu, wazi kabisa.

Nelvine hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema aliomba siku nne tu katika miaka kumi na mmoja, na hata hizo amegawana na ng'ombe. Akachukua watoto wakaenda kula viazi karai bila mimi. Roho iliniuma, sidanganyi. Nilikaa pale mchangani na mwenye ngamia. Akauliza ng'ombe wangu anatoa lita ngapi. Nikasema kumi na moja. Akasema si mbaya. Ni mtu wa maana sana yule mzee.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyumbani. Kutoka Mombasa mpaka Bomet Nelvine ameongea nami mara mbili, zote kuhusu begi.

Nilikimbilia zizini kabla ya kuingia nyumba. Kiwele kiko laini, kiko safi. Kepher akaja na karatasi: lita kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Chelel hajawahi kutoa hivyo tangu azaliwe. Nikampa Kepher mkono. Hakufurahi. Akajikuna kichwa, akasema afadhali aniambie kama jirani. Simu aliiweka sikioni mwa Chelel mara moja tu. Aliposikia sauti yangu, ng'ombe akapiga ndoo teke. Dorcus akamfukuza Kepher zizini pamoja na simu yake, akakamua kimya. Tangu hapo Kepher alikuwa ananisikilizia jikoni kwake huku akila. Na ile sauti ya ng'ombe ya Alhamisi ilikuwa yake. Alisikia nina wasiwasi, akanionea huruma, akalia yeye mwenyewe.

Nelvine alikuwa mlangoni pa zizi, amesikia yote. Amecheka mpaka akakalia ndoo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelifikiria jambo hili kanisani wakati wa mahubiri. Kepher ni mtu mzuri lakini sayansi hajui. Nikiwa zizini, lita kumi na moja. Nikiwa Mombasa, kumi na saba. Jikoni kwa Kepher hadi zizini ni hatua ishirini, na masikio ya Chelel ni makubwa. Ni wazi sauti yangu alikuwa anaisikia, ila inataka umbali ndiyo ifike ikiwa laini. Kwa hivyo niende mbali zaidi. Lamu, mwezi mzima, peke yangu, na simu mpya.

Nilimwambia Nelvine nikiogopa atakataa. Hakukataa. Amesema kwa ng'ombe mzuri kama huyo mwezi mmoja ni kidogo, niende miwili. Nimeguswa sana. Hatimaye amempenda Chelel. Begi langu ameshalifunga, liko mlangoni.