Jina la Bi Ardith Kwenye Shabaha

Jumatatu, 3 Juni 1957
Leo nimepata wazo la kunitoa! Mhandisi mkuu anastaafu mwezi huu, na kiti chake ni changu au cha Delbert Quillen, mtu asiyejua hata kuwachekea wakubwa. Alhamisi ndege yetu ya roketi, isiyo na rubani, itaruka hapa jangwani mbele ya jeshi. Basi nikachukua kopo la rangi nyekundu, nikaiandika ubavuni: ARDITH. Herufi ndefu kama mkono wangu. Bi Ardith ni mke wa bosi, Bwana Hasbrook. Bosi akanipigapiga begani, machozi yakimlengalenga. Akasema lazima mkewe aje ajionee. Delbert kwisha habari yake!

Jumanne, 4 Juni
Mchana tunakula maharage ya pilipili, Delbert akaniuliza mbele ya watu: "Wendell, ndugu yangu, unakumbuka hii ndege ni ya nini?" Nikamjibu ni ya kuruka. Akasema ni ya kutunguliwa. Meza nzima ikaangua kicheko.

Nilisahau! Miezi kumi na minne naiunda ili askari wajifunzie kulenga makombora, na nikasahau. Kijiko kikanidondoka. Kufuta jina, wapi! Bi Ardith ameshanunua kofia, na dada zake wawili wanatoka El Paso.

Jumatano, 5 Juni
Mimi si wa kushindwa. Nimefungua valvu ya mafuta ya roketi hadi mwisho, iruke kwa kasi ya ajabu. Hairuhusiwi, lakini nani ataniona? Kombora lao halitagusa hata kivuli chake.

Alhamisi, 6 Juni
Ushindi! Makombora matatu, yote yamekosa. Ndege ikashuka na parachuti yake salama salimini. Bi Ardith akapiga makofi mpaka kofia ikapeperuka.

Kanali Ruddock, mnunuzi wa jeshi, hakupiga makofi. Akamuuliza bosi, hivi shabaha isiyopigika ainunue ya nini, apambie sebule? Isipopigwa kesho, mkataba hakuna, tufunge virago turudi California. Delbert akairudisha valvu mahali pake bila hata kufungua kitabu cha maelekezo. Lo! Na Bi Ardith kasema haondoki mpaka aone mwisho wake.

Ijumaa, 7 Juni
Kombora la kwanza tu. Mwanga, moshi. Kipaza sauti kikatangaza uwanja mzima: "Ardith kapigwa! Ardith vipande vipande! Hongereni, vijana!" Askari wakarusha kofia juu.

Bi Ardith alicheka mpaka akakaa chini. Akasema miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kushangiliwa hivyo. Mumewe hakucheka. Akaniangalia mimi. Mkataba tumepata. Kiti kapata Delbert. Mimi nimepata gunia la kuokotea mabaki. Roho inaniuma, nasema kweli. Nimezunguka kwenye jua siku nzima, nimeokota bati moja lenye ITH.

Jumatatu, 10 Juni
Ndege ya pili imeletwa karakanani. Nyeupe, haina hata doa. Delbert, bosi wangu sasa, bado amenuna kwa sababu ya ile valvu. Nikadodosa kidogo: mkewe anaitwa Lavonne. Rangi imebaki nusu kopo. Herufi saba, inatosha kabisa!