Anatole na Vita ya Kicheko Kimoja

Sogezeni vigoda, enyi wauza maharage na wachoma mahindi. Zimeni redio, mnyamazisheni mbuzi huyo, msikie jinsi Anatole mwana wa Kabanda, Simba wa Lenzi Moja, Mbeba Kamera Yenye Ufa, alivyoingia peke yake katika soko la kambi ya wakimbizi ya Nakivale na kutoka na kicheko cha mtu asiyemjua.

Vita hiyo aliitangaza mwanamke. Madamu Eliane, malkia wa studio ya picha kule Ruti, mjini Mbarara, alihitaji mpiga picha wa harusi. Na Anatole, mkimbizi aliyekuwa amelima shamba la mawe matupu kwa miaka tisa, aliitaka kazi hiyo kuliko mvua. Eliane alimtazama toka viatu hadi kofia.

"Niletee foto moja," akasema. "Mtu usiyemjua. Anacheka. Na amekubali mwenyewe. Ijumaa, mbele nifunge mlango saa kumi na moja, si nyuma. Ukikosa, kazi napatia mwingine."

Ijumaa asubuhi shujaa akajibanza nyuma ya mikungu ya ndizi, kimya kama chui wa milimani. Muuza sabuni mmoja akacheka. Anatole akainua silaha, kidole kikashuka, na papo hapo mkono wa mwenye ndizi ukamkamata ukosi.

"Weye! Unaibia batu sura?"

"Mama, mimi ni msanii!"

"Msanii anajificha nyuma ya ndizi yangu? Toka! Unataka foto, omba kama mtu!"

Anatole akaifuta picha ile, maana sharti la tatu halikuwa la kuchezea. Kisha akapanda juu ya kreti ya soda, kofia mkononi, jua likimulika kipara chake kama chapeo ya chuma, akahutubia umma:

"Enyi watu wa Nakivale! Sikuja kwa shari! Naomba uso mmoja tu, uso wa hiari, mbele ya kamera hii!"

Ole wako, Anatole! Hakuna jemadari aliyewahi kukosea hivyo. Kwani Nakivale, mtu akisimama juu na kamera akaomba nyuso, kila aliyewahi kupanga mstari kwenye ofisi ya wakimbizi, apigwe picha asije akakosa posho, anajua la kufanya. Mzee Ezira, mchunga ng'ombe aliyestaafu bila ng'ombe, alivua kofia, akafunga kifungo cha shingoni, akasimama wima, masikio yote mawili nje, mdomo umebanwa. Nyuma yake akaja mama mwenye watoto wanne na karatasi ya familia. Nyuma ya mama wakaja wengine, mpaka mstari ukagusa mashine ya kusaga.

"Ni uhakiki wa wakimbizi?" mmoja mstarini akauliza.

"Ni uhakiki. Bale ba mbele bamesema."

"Funga mdomo, Uwera! Ukicheka batalifuta jina kwa orodha!" mama wa watoto wanne akamkemea bintiye.

"Ndugu zangu," Anatole akalia, "si uhakiki! Rudini nyumbani!"

"Ndiyo vile banasemaka," Mzee Ezira akajibu bila kusogeza midomo. "Unarudi nyumbani, kesho unasikia ulikosa. Piga!"

Akapiga. Angefanya nini? Jeshi lilikuwa limemzunguka. Alipiga nyuso arobaini, na zote arobaini zilikuwa kavu kama mbao, wala hakuna aliyeondoka baada ya kupigwa. Walisimama kando kungoja risiti. Saa saba ikapita. Moyoni aliliona shamba la mawe likimfungulia mikono.

Wa arobaini na moja alikuwa Nyiramana, aliyekuja mbio toka shambani, jembe begani.

"Nisimame fasi gani?"

Shujaa akaketi juu ya kreti. "Mama, nikuambie ukweli wa Mungu. Sina ofisi. Natafuta mtu mmoja anacheka, nipate kazi Ruti."

Nyiramana akautazama mstari. Akamtazama Mzee Ezira.

"Hii batu yote imesimama kwa jua juu ya kucheka?"

"Ndiyo, mama."

"Na papa Ezira amefunga mpaka kifungo cha shingo?"

"Mpaka cha shingo."

Hapo kicheko kikapasuka! Alicheka akiwa ameegemea jembe, pengo la jino wazi kama lango la mji, machozi yakimtiririka. Anatole akainua kamera, kidole juu ya kitufe, kisha (andikeni hili, enyi wenye kalamu!) akakizuia.

"Mama! Unakubali?"

"Piga, mujinga! Piga mbele nikufe!"

Kidole kikashuka.

"Sasa nasinya wapi?" Nyiramana akauliza akijifuta macho, kwani foto isiyotiwa kidole haijakamilika. Akapaka dole gumba makaa, akaligandamiza juu ya karatasi ya unga. Wale arobaini wakakataa katakata kuachwa nyuma.

Pikipiki ilimbeba Anatole kupita Masha kwa kishindo cha majeshi, naye akatua Ruti saa kumi na dakika hamsini na sita. Eliane, funguo mkononi, aliitazama picha katika kamera.

"Na alikubali?"

Anatole akakunjua karatasi ya unga, yenye vidole gumba arobaini na moja. Eliane akacheka hadi funguo zikamwanguka.

"Kazi ni yako. Simama hapo ukutani, nikupige foto ya kitambulisho."

Na mshindi wa Nakivale, Mteka Kicheko, akavua kofia, akafunga kifungo cha shingoni, akasimama wima, masikio yote mawili nje, mdomo umebanwa.

"Cheka kidogo, Anatole."

"Hapana, Madamu," akajibu bila kusogeza midomo. "Mutalifuta jina langu."