Sanamu ya Kale Iliyotengenezwa Alhamisi

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amepita ukumbini asubuhi. Hakukaa. Ukumbi wangu wa video ni chumba chake cha mbele, na leo amenikumbusha hilo zaidi ya ilivyohitajika. Akasema Jumapili mabenchi yasipojaa, Jumatatu vyerehani vya binti yake vinaingia. Binti yake ni mke wangu. Nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi. Akasema wasiwasi hana, ana fundi wa umeme anayekuja kukagua soketi.

Sitishiki. Mtaa mzima hakuna mtafsiri wa filamu kama mimi. Picha inakwenda, nimeshika kipaza sauti, nawaeleza watu kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Lugha yenyewe siijui, lakini ukiangalia midomo kwa makini hukosi la kusema.

Na dawa ya Jumapili ninayo: filamu ya sanamu ya dhahabu. Pango, nyoka, mitego, kofia pana. Watu hawachoki na mambo ya kale. Mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Bwana Skrini kwa ajili ya televisheni yake kubwa kama mlango, siku hiyo ataonyesha mpira. Namwonea huruma.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Filamu inakwama. Shujaa amevuka daraja bovu, maadui wameliwa na mamba, ananyoosha mkono aichukue sanamu, na hapo hapo picha inaganda. Nimeifuta diski kwa dawa ya meno, kwa ganda la ndizi, kwa pindo la shati. Mkono bado uko hewani. Muuza diski ameniambia filamu za siku hizi huishia hivyo. Mwongo mkubwa.

Mke wangu akashauri nitafute filamu nyingine. Mpole wa watu, ila jicho la biashara hana. Nimeshapata njia bora. Picha ikiganda, taa zinawaka, pazia linafunguliwa, na sanamu yenyewe imekaa pale mbele! Mimi nimevaa kofia, namalizia filamu kwa mikono yangu. Bwana Skrini aifanye hiyo na televisheni yake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Mwashi. Hutengeneza vyungu vya maua vya saruji, na simba wa kuweka getini. Simba wake wote wana sura ya kuomba msamaha, lakini mkono anao.

Nikamwagiza malkia wa kale, mlinzi wa hazina, mwenye uso wa kumrudisha nyuma mwanaume mzima. Akauliza uso kama wa nani. Nikamwambia asinisumbue, fundi ni yeye. Akafikiri, akasema basi, uso wa namna hiyo anaujua tangu utotoni. Nikamkataza kumwonyesha mtu yeyote. Katika filamu hizi siri ikivuja tu, maadui wanatangulia pangoni.

Ijumaa, 7 Juni

Sanamu imeletwa kwa toroli, imefunikwa gunia. Kazi safi. Midomo imekazwa, jicho moja limefinywa kidogo kama lililoona vumbi juu ya kabati. Sura hii nimewahi kuiona mahali. Nimeifikiria muda wote nilipokuwa naipaka rangi ya dhahabu, sikupata. Bila shaka ni filamu fulani. Nikaongeza masizi kwenye mikunjo ili ifikishe miaka elfu.

Mama mkwe nimemwalika rasmi. Benchi la mbele, katikati, na mto wa kukalia. Nataka aone kwa macho yake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetangaza mtaa mzima. Sauti imekauka. Kesho nashinda.

Jumapili, 9 Juni

Ukumbi umejaa! Watu wamekaa mpaka madirishani. Hata Bwana Skrini amekuja, umeme wa upande wake umekatika. Nimempa nafasi nyuma, kwa utu tu.

Picha ikaganda. Taa. Nikavuta pazia. Kikalipuka kicheko ambacho sijawahi kukipata katika kazi hii. Nikajua nimewashika. Nikajaribu kuinyanyua sanamu, ikagoma. Shemeji hakubania saruji. Basi nikaegemea pale pale na kuendelea kutafsiri. Nikasema zimwi hili halicheki, halilali, linajua idadi ya vijiko vyote vya pangoni. Watu wakashikana mabega. Nikasema likikutazama tu, unakumbuka makosa ambayo hujayafanya. Mzee mmoja akatolewa nje apate hewa.

Hapo nikageuka nione kama Mama anafurahi. Uso ule ule, mara mbili, hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine. Jicho limefinywa. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba hata hivyo zimwi hili lina moyo mzuri sana, na wapishi wote wanajifunza kwake. Ukumbi ukaangua kicheko upya.

Mama akasimama, akauchukua mto, akatoka polepole. Nikamkamata shemeji mlangoni. Akasema niliagiza uso wa kumtisha mwanaume mzima, na yeye ni mwanaume mzima.

Jumatatu, 10 Juni

Vyerehani vimeingia. Nilimkumbusha Mama ahadi: mabenchi yalijaa. Akajibu kwamba yalijaa kwa ajili ya sura yake, si filamu yangu, kwa hiyo ushindi ni wake. Nilipoona mabenchi yanatolewa nje nililia, nikasingizia masizi. Mke wangu aliniona, akaenda kuniombea kwa mama yake. Mungu ambariki. Mama amekubali: Jumapili, vyerehani vikipumzika, ukumbi ni wangu. Sharti moja: sura ya Mama isionekane tena humo.

Nimekaa nikachambua kosa langu kwa utulivu. Ni lile benchi. Mtu wa heshima hawekwi mbele, anawekwa nyuma, ambako hata akinuna haonekani.

Shemeji ameshaanza sanamu mpya. Safari hii mfalme wa kale, mnene, mwenye kusinzia juu ya hazina. Ameniuliza uso kama wa nani. Nimemwambia kama kawaida asinisumbue. Akasema haina shida, mwingine anaoujua kwa moyo ni wa baba yake.

Baba mkwe ni mpenzi mkubwa wa filamu. Nimeshamwekea benchi la nyuma.