Mbuzi Zilizogeuka Mercedes

Jumatatu, 2 Juni

Aksanti Mungu kwa kuniamsha, na aksanti kwa telefone. Nimesoma habari ya kubadilisha maisha. Kule Ulaya, motokari za miaka ya tisini zinaanza kupanda bei! Si zile za batajiri. Hapana. Zile za kawaida, zenye batu banazarau. Unanunua leo kwa bei ya chini, unaweka, unangoja, unauza juu. Sharti ni moja tu: usibadilishe kitu. Rangi, viti, hata bulon ndogo ya kukaza chuma, vyote vibaki vya origine.

Na Beni kuko Madame Victorine, mwenye malewa, nyumba ya kuuza chakula, ku barabara ya Mavivi. Ako na Mercedes 190 ya marehemu bwana yake, iko chini ya bâche, ile turubai, tangu zamani. Hataki makuta, hata dola. Anataka mbuzi, juu malewa yake inapika mbuzi kila siku. Na mimi niko na mbuzi kumi na mbili ndani ya parcelle yangu, kiwanja ya nyumba, hapa Kimemi!

Mais, ni za Mbusa, mudogo yangu. Familia yote ilizichanga kwa mahari ya Jemima, tutazipeleka Musienene Jumamosi ya tarehe 14. Lakini mukubwa wa familia ni nani? Mimi, Kambere. Nani anazichunga? Mimi. Hazitapotea. Zitageuka Mercedes kwa siku chache, kisha zitarudi mbuzi, tena nyingi. Mbusa atanishukuru. Tayari najishukuru kwa niaba yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimefanya! Kavugho, bibi yangu wa ndoa, nilimwambia mbuzi zinaenda kunenepa kwa rafiki. Aliniangalia muda murefu. Akasema sawa, nikunywe kwanza chai ndani ya nyumba, yeye atazipakia ku fuso pamoja na shofere. Bibi wa namna hii, nani mwingine anaye?

Kufika Beni, Madame Victorine akasema mbuzi ni kumi na moja. Nikamwambia Madame, mimi njo nilizichunga, ni kumi na mbili, moja iko nyuma ya zingine. Zilikuwa zinazunguka-zunguka. Akachoka kubisha. Kama batu bote bangejua kuhesabu, dunia ingekuwa na amani.

Na motokari! Nyeusi, isipokuwa mulango mumoja wa kijani. Hapana kuwaka. Bijana balisukuma, ikawaka, ikafika Maboya, ikazima. Fuso ya kabichi ikaivuta na kamba mpaka kwetu. Aksanti Mungu kwa kamba. Tena kompteri ya kilometa imekufa kabisa, haitapanda hata siku moja. Motokari yenye haizeeke!

Ijumaa, 6 Juni

Esdras, jirani yangu mwenye garage, amekuja kucheka. Amezunguka Mercedes mara mbili akishika tumbo. Akasema atatengeneza moteur na kupaka rangi, tena kwa bei ya jirani. Nikamufukuza. Rangi mupya? Anataka kuniulia origine! Wivu ni ugonjwa. Akiwa anatoka akauliza mulango wa kijani ni origine ya wapi. Nikajibu ni origine ya Beni.

Kavugho amesema kitu yenye haiendeshwe, haisafishwe, haiguswe, kwao Lubero banaiita kaburi. Kuku zake hazikubali: zimetaga ku kiti ya nyuma. Nilitaka kuzifukuza, nikakumbuka sharti, usibadilishe kitu. Jioni tukakula mayai. Aksanti Mungu.

Jumapili, 8 Juni

Mbele ya misa nilitia picha ku WhatsApp ya bachuuzi. Kutoka misa, majibu tele! Mumoja anauliza kama inaweza kubeba viazi. Mwingine anauliza kama iko na mulango ingine ya kijani, juu anapenda ile rangi. Wa tatu anatoa mbuzi tatu, nikiileta mwenyewe. Mbuzi tatu! Nikamwandikia kwamba Ulaya bei yake iko juu kabisa. Akajibu basi niipeleke Ulaya, barabara ni ile.

Hata hivyo, batu bengi bameiona. Namushukuru kila mutu, hata ule wa Ulaya.

Jumanne, 10 Juni

Mbusa amekuja, anataka kuona mbuzi zake. Kijana ameshona koti, amenyoa, hawezi hata kukaa kwa kiti. Akanieleza kwamba baba ya Jemima ni mutu mukali, muchumba wa kwanza alikuja bila mbuzi akafukuzwa palepale. Akasema yaya, kaka yangu, nikikosa Jemima, sitaoa tena. Nikamwambia mbuzi ziko vizuri, alale salama. Amenikumbatia! Ameniita baba!

Nikapanda pikipiki mbio mpaka Beni, kumuomba Madame Victorine akamate tena Mercedes yake, arudishe mbuzi. Ile mama ana roho nzuri. Mbele ya kuniuliza kitu, alinikalisha, akaleta sahani: muchopo ya moto, ile nyama ya kuchoma, ndizi, pilipili. Tamu! Nilipofika katikati, nikauliza mbuzi zangu ziko wapi. Akasema Bwana Octave, mukubwa mumoja wa bureau, alifanya sikukuu ya kazi yake mupya, bageni bake banakula nyama kama moto. Nikauliza zote? Akasema zote, na ile iko mbele yangu njo ya mwisho.

Nimekula mahari ya mudogo yangu. Nikalia pale pale. Kisha nikamaliza sahani, juu kutupa chakula ni zambi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Kavugho yote. Hakupiga kelele. Nikaogopa zaidi. Nikamueleza mupango mupya: tupeleke Mercedes yenyewe Musienene! Mercedes inapita mbuzi kumi na mbili, hata mutoto anajua. Akaniuliza kama nimesahau mbuzi za mahari zinaenda wapi. Kila moja iko na mwenyewe: ya baba, ya nyanya, ya muyomba ndugu ya mama, ya shangazi, mpaka kumi na mbili ziishe. Sasa Mercedes, nani atapewa muguu?

Halafu akasema tupeleke, Mungu ataona. Bibi yangu! Simustahili. Kweli kabisa, simustahili.

Jumamosi, 14 Juni

Tumetoka Musienene.

Esdras njo alituvuta na motokari yake, bila kuomba kitu. Leo sikumuita mwenye wivu. Kufika, parcelle ya bakwe, familia ya Jemima, imejaa batu. Baba ya Jemima akatafuta mbuzi na macho. Nikatoa bâche, nikahubiri bei ya Ulaya. Mbusa akanigeukia na uso wenye siwezi kuuandika. Jemima akafunika macho na kitambaa. Baba yake akasimama, akasema turudi kwetu, na ule kijana asionekane tena hapa.

Hapo nyanya ya Jemima, mama Kavuo, akakaribia na fimbo. Akajiangalia ku kioo ya pembeni, akatengeneza kilemba. Akasema mbuzi yake alikuwa ataiuza anunue kioo, basi hii inatosha. Akaivuta, ikatoka! Nikapiga kelele asiguse, ni origine. Nani alinisikia? Muyomba akasema viti vya mbele ni vyake, vya salon. Shangazi akakamata radio. Kaka bane ba Jemima, kila mumoja gurudumu lake, ya kigari ya kubebea viazi. Batri ikaenda, kiti ya nyuma ikaenda pamoja na mayai, capot ya kufunika moteur ikawa paa ya kuku. Mulango wa kijani njo balipigania sana! Esdras alifungua bulon moja moja, na kila bulon mimi nilikufa kidogo.

Batu kumi na moja bametosheka. Akabaki baba. Akasema sawa, benzake bamekubali. Lakini ya baba hapana kuwa chuma. Ya baba inaingia na miguu yake, inalia, majirani banasikia. Bila ile, hakuna binti.

Mbusa akakaa chini, ku udongo, na koti yake mupya. Nikaomba Mungu anichukue.

Kavugho akaenda polepole nyuma ya motokari ya Esdras, akafungua. Meee! Mbuzi nyekundu, nene kupita zote! Siku ile ya chai aliificha ndani ya nyumba ya jiko, kwenye mimi siingie. Donc, Madame Victorine anajua kuhesabu.

Bamama bakapiga vigelegele mpaka mbuzi ikaogopa. Mbusa akanirukia shingoni, nikamwambia amukumbatie Kavugho, si mimi. Nililia mbele ya bakwe bote bila haya. Sijui nilimufanyia Mungu nini mpaka akanipa ule mwanamuke.

Jumatatu, 16 Juni

Mbusa na Jemima bako vizuri, bametuma salamu. Mifupa ya Mercedes imebaki Musienene, mbuzi ya baba mukwe inalala ndani. Aksanti Mungu kwa yote.

Na habari ingine njema: dada yetu Falonne amechumbiwa! Mbuzi zake zitafika mwezi wa nane, na zitakaa ndani ya parcelle yangu, juu mukubwa wa familia ni nani? Tena Mungu akitaka kukupa, hakuandikii barua. Leo leo nimesoma kwamba Rav 4 za kwanza, zile za milango mbili, zinaanza kupanda bei. Iko moja Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Mwenyewe anapenda sana mbuzi.

Safari hii sitakosea. Nitazihesabu mwenyewe.

Nimemueleza Kavugho. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua maharagi yake, akaniuliza kitu kimoja tu: safari hii afiche ngapi.