Kamba ya Gobore la Bibi Natalia

Baltazar Bura hakuzaliwa mwongo, alijitahidi. Asubuhi ya mnada wa Katesh alikuwa mgahawani akinywa supu ya mtu mwingine, ndipo akamsikia mgeni wa Arusha, Sulle, akisema ananunua magobore ya zamani, yale ya kushindilia baruti na kuwasha kwa fataki. Hata likiwa limechakaa, mradi ile nyundo yake ya kugonga fataki iwepo.

Supu ikapoa. Baltazar alilijua moja, limetundikwa ukutani kwa Bibi Natalia, mjane wa Gendabi, limefungwafungwa ukanda wa ngozi kama mguu uliovunjika. Na Baltazar alikuwa na haraka. Baba yake Fausta, msichana aliyetaka kumwoa, alishachoka na ahadi, na mahari yote iliyokuwepo ni mtamba mmoja mwekundu, anayelishwa na mjomba wake Baltazar hukohuko Gendabi.

Akapata mbuzi mkondefu, akamlambisha chumvi, akamnywesha maji mpaka tumbo likawa ngoma. Mbuzi huyo alifika kwa Bibi Natalia akiwa na mimba ya mapacha.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuokoa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe nazama?"

Kwa huzuni kubwa Baltazar akamweleza jinsi wenye silaha za namna ile wanavyofungwa, hata vikongwe. Yeye, kwa upendo tu, angeubeba mzigo huo na kumwachia mbuzi. Bibi alimtazama mbuzi kwa muda mrefu, kisha akakubali, ila kwa desturi ya nyumba yake: ni kama kuuza ng'ombe, mnyama anaondoka, kamba inabaki. Akaufungua ule ukanda taratibu, akauviringa, akauweka kifuani. Baltazar alikuwa na kazi ya kuzuia kicheko, hakuangalia kilichoviringwa humo. Akalifunika gobore kwa blanketi, akapanda bodaboda.

Sulle alilifunua, akaligeuza, akauliza nyundo iko wapi. Skurubu yake ilikufa zamani. Ukanda ndio uliokuwa ukiishika.

"Hiki sasa ni cha kuchochea moto," alisema. "Umelitoa wapi?"

Baltazar, kwa hasira, akamwambia.

Aliporudi Gendabi alikuta mbuzi ameshakojoa mapacha wote. Bibi akamkaribisha maziwa.

"Kamba hatuuzi, mjukuu wangu. Ila usijali, nimefuata maneno yako. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwambia silaha haiko kwangu tena, iko kwako. Yuko njiani."

Gobore likawa zito ghafla mikononi mwa Baltazar.

"Bibi, lichukue. Bure kabisa."

"Nifungwe, kikongwe kama mimi?" Akanywa maziwa yake polepole. "Labda nikipata cha kunifariji. Yule mtamba mwekundu wa kwa mjomba wako, hajambo?"

Mtamba akaletwa, gobore likarudi ukutani. Mara mwenyekiti akafika, ndani ya gari la Sulle, wakicheka. Gobore lile, alisema mwenyekiti, polisi walilijua kabla Baltazar hajaota meno. Sulle akamwamkia bibi kwa adabu, akaulizia nyundo.

Baltazar alikuwa ameshafika mlangoni bibi alipomwita.

"Mjukuu wangu, unasahau. Desturi ni desturi."

Akaifungua kamba shingoni mwa mtamba, akamkabidhi.

Jumapili baba yake Fausta alipouliza mahari iko wapi, Baltazar, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisema kweli: akaiweka mezani yote.