Ombi la Kusawazisha Familia za Watoto wa Nasari

Mbotela, Nairobi
Jumatano, 11 Machi 1981

Kwako Mwalimu Mkuu Bi. Phelister,
Nasari ya Tupendane.

Naanza kwa jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu: ninawaogopa watoto wa nasari. Tangu nimalize shule na wewe kunipa kazi hii, kila asubuhi husimama nje ya mlango hadi wao wanifungulie.

Hata hivyo nisingekusumbua kama si somo la familia. Uliniagiza niwafundishe kwa picha ya ukutani yenye baba mwenye tai, mama, mvulana, msichana na mbwa. Kwa heshima nyingi nakuletea malalamiko yangu.

1. Hakuna mtoto hata mmoja anayefanana na picha. Niliwaambia kila mtu achore kwao. Qamar, anayekaa na nyanya, wajomba, shangazi na watoto wao wote, alimaliza karatasi, akaendelea mezani, kisha akamchora mjomba wa mwisho kwenye goti la Ochola.

2. Ochola aliuliza, "Mwalimu, bila mbwa si familia?" Darasa zima likaangua kilio.

3. Kavutha amepewa jina la nyanya yake mzaa baba. Basi baba yake, Bwana Kisilu dereva wa lori, humwita mama, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Hata mimi baba huniita mama, lakini sijawahi kumtuma maji. Kavutha amejichora akiwa amembeba baba mgongoni. Nilipomsahihisha alisema, "Huyu ni mtoto wangu. Muulize mwenyewe." Nilimuuliza jioni alipokuja kumchukua. Bwana Kisilu akasema ni kweli.

4. Ubaya huu unaambukiza. Ochola alifika nyumbani akamwambia baba yake, ambaye ni karani wa reli, "Mwanangu, umenawa mikono?" Mzee alikuja hapa asubuhi kutaka maelezo. Nilijificha nyuma ya ubao. Nasikia alikuwa amenawa.

5. Hili ndilo zito. Mama yake Kavutha yuko Machakos, analima. Ochola ana mama wawili hapa hapa mtaani. Kavutha akamwambia, "Wewe unao wawili, niazime mmoja." Ochola akafikiri kidogo, akasema, "Chukua mdogo, huyo hupika chapati." Jana mama mdogo alikuja kuchukua watoto wawili. Nilitafuta sheria ya kumzuia nikakosa.

Kwa hiyo naiomba kamati ya nasari, itakapokutana kesho, iamuru familia zote zifanane na picha. Wenye mama wa ziada wawagawie wasio naye. Wajomba wa Qamar wasambazwe mtaani kwa usawa. Bwana Kisilu azaliwe upya na mtu mwingine. Baba wote wanunuliwe tai, na kila nyumba ipewe mbwa, hata wale wa chumba kimoja. Hayo yakishindikana, niruhusu niache kazi Ijumaa, kwa maana siwezi kufundisha kitu ambacho hakipo.

Nisalimie mume wako, watoto, dada yako aliyenishonea sketi, na mlinzi wetu Bwana Ndung'u, ambaye hunisukuma kidogo nikikawia mlangoni.

Wako mtiifu,
Wayua Mutisya

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mchana huu watoto waliniuliza kwetu tuko wangapi. Nilipowaambia ni mimi na mama na baba tu, walinihurumia, wakaanza kunigombania. Ochola alisema kwao kuna chapati. Qamar alisema kwao hakuna atakayejua nimeongezeka. Kavutha alisema, "Mwalimu haongei sana. Kwetu kuna nafasi ya mtu wa kunyamaza."

Tafadhali ichane barua hii kabla ya mkutano. Picha nimeshaigeuza, ili wajomba waliokosa karatasi wachorwe upande mweupe. Ijumaa nitakuja kazini.

Na jambo moja, Mwalimu: nimewakubalia wote watatu, kila mmoja kwa kumnong'oneza. Nakusihi libaki kati yangu na wewe, kwa sababu kila mmoja anaamini amenipata peke yake.