Kinu Chini ya Gari la Harusi

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Kaka Alexander amepanda meli kwenda Bukoba kuwachukua wakwe. Anarudi nao Ijumaa. Jumamosi anafunga ndoa na Justa, na Justa atapelekwa kanisani kwa lile gari la Kaka, jekundu, la spoti, la milango miwili, lililotoka Japani limechoka lakini lina sura. Nani ataliendesha? Bado. Kaka amesema ataamua akirudi. Alipokuwa akisema alimtazama Malimi.

Malimi ni binamu yetu. Anaendesha pikapu ya samaki pale sokoni Mwaloni na anajiona fundi kwa sababu mikono yake ni michafu. Mimi nina leseni na shahada ya fizikia, na tangu nihitimu sijapata kazi wala mtu wa kunisikiliza. Nataka kumwendesha bibi harusi. Nataka Pasiansi nzima, mtaa wetu hapa Mwanza, inione nikikata kona ya kanisa taratibu, kwa mkono mmoja.

Mpango: gari linakwaruza huku chini, na oili yake imekuwa lami. Nitaliinua, nitakaza bomba la moshi, nitamwaga oili na kutia mpya. Kaka atakuta gari limenyamaza.

Tatizo: naogopa. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, lakini kuna picha isiyohitaji tafsiri. Mtu amelala chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, na juu yake wamechora X kubwa. Niliitazama hadi chai ikapoa. Mtu yule hana uso. Ana miguu tu. Viatu vinafanana na vyangu.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Mama mdogo Tereza, tunayeishi kwake, amekwenda kwenye maonyesho. Nafasi nzuri.

Jeki haiingii. Gari liko chini mno, hata kuku huinama akipita. Nikawaza kwa kina. Kama gari halipandi, basi ardhi ishuke. Nikachimba shimo, nikaweka jeki ndani, nikazungusha. Jeki ikapanda hadi ikaligusa gari. Nikazidi kuzungusha. Gari likabaki palepale na jeki ikaanza kuzama, kimyakimya, kama mgeni anayetoroka kabla ya maombi. Udongo wetu ni mchanga wa ziwani. Uzito mkubwa juu ya eneo dogo. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

Malimi akapita kurudisha ndoo. Akatazama shimo. Akaniuliza, dada, tunamzika nani. Nikasema napanda mpapai. Akauliza tangu lini mpapai ukapandwa kwa jeki. Akanishauri niwaachie magari wenyewe, nisije nikafanya wali wa harusi ukaliwa matanga.

Nimefukia shimo. Neno matanga halijanitoka kichwani.

Jumatano, 9 Agosti

Akili imerudi. Gari linapandishwa kwanza juu ya mbao, ndipo jeki inapata nafasi. Nimelisogeza penye ardhi ngumu, karibu na jabali la uani linalolala kama ng'ombe anayecheua. Breki ya mkono nimevuta. Gia nimeacha ndani. Tairi za nyuma nimezizuia kwa mawe, na Mwanza mawe si kitu cha kutafuta. Ubao mpana chini ya jeki. Gari likainuka upande mmoja na kutulia. Nikalisukuma kwa kidole, kisha kiganja, kisha bega. Halikutikisika.

Lakini jeki peke yake ni X. Lazima kuwe na kitu cha pili cha kulibeba. Tofali? Hupasuka bila taarifa. Gogo? Mchwa. Ndipo nikakiona jikoni: kinu kifupi cha Mama mdogo cha kutwangia karanga. Mti mgumu, kimepigwa tangu enzi za bibi na hakijapata ufa. Nimekigeuza kifudifudi na kukisukumiza chini ya gari. Kimekaa kama kimezaliwa pale.

Kila kitu tayari. Nikalala mavumbini kando ya gari. Nikasali Salamu Maria. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikautoa. Mama mdogo akaniita kutoka dirishani, natafuta nini. Nikasema hereni. Akasema mbona sijawahi kuvaa hereni.

Nimeshusha gari. Nimerudisha kinu. Mimi ni mwoga, ila mwoga mwenye mpango mzuri.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama mdogo alikwenda Kirumba kununua dagaa. Leo au basi. Mbao, mawe, jeki, kinu. Nikavaa gauni langu la kanisani, ili kama lolote litatokea nisikutwe na kanga iliyochanika.

Nikaingia. Huko chini kuna giza lenye harufu ya oili, na gari lote liko juu ya pua yako. Nikasikia kitu kikisema ti. Ilikuwa kucha yangu kwenye spana. Nikafumba macho. Nikaamua nisisogee mpaka woga upite. Haukupita. Nikazidi kutosogea.

Niliyoisahau ni miguu. Ilikuwa nje, imenyooka, imetulia. Mama mdogo aliingia na dagaa zake. Akaona miguu. Akaona gauni la kanisani. Akaona kinu chake. Akapiga mwano, ukelele wa hatari.

Mwano ukipigwa kwetu Usukumani, kila mwanamume anayesikia hutoka mbio. Asiyetoka, sungusungu, walinzi wetu wa jadi, watamtoza faini. Kwa hiyo walitoka wote, hata mmoja aliyekuwa ananyolewa. Mimi niliona viatu na ndala tu, nyingi. Nikapaza sauti kwamba mimi ni mzima. Mzee Luhaga, mkuu wa sungusungu, akasema bado ana pumzi, inueni upesi. Nikasema jamani msiinue. Akasema maskini, ameanza kuweweseka.

Wakaimba, wakainua. Gari likaondoka juu yangu kama kifuniko cha chungu. Nikaona mbingu. Wakalibeba pembeni bila kutazama waendako, kwa kuwa wote walikuwa wananitazama mimi, na mikono ilipochoka wakalitua. Juu ya jabali. Limekalia tumbo, tairi zote nne hewani. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imetoboka na oili yote imemwagika.

Kumwaga oili ilikuwa nusu ya kazi niliyoipanga.

Mama mdogo alinikumbatia akilia, akanizaba kofi, kisha akakagua kinu.

Jumamosi, 12 Agosti

Jana Kaka alifika na wakwe. Akasimama mbele ya jabali. Baba mkwe akauliza kwa upole kama huku Mwanza magari huhifadhiwa hivyo. Kaka akajibu ndiyo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nachungulia.

Leo Justa amekwenda kanisani kwa pikapu ya Malimi. Waliiosha, wakaitandika mashuka meupe, wakaimwagia manukato. Paka walimsindikiza bibi harusi hadi mlangoni mwa kanisa. Malimi alikata kona taratibu, kwa mkono mmoja.

Kaka amenikataza kuligusa gari. Fundi atakuja Jumatatu kulishusha.

Jioni hii nimetoka kulitazama. Nimelizunguka. Nimelisukuma kwa kidole, kiganja, bega. Jabali halizami. Halipasuki. Halitelezi. Katika kitabu kizima hakuna gari lililoinuliwa kwa usalama kama hili, na bomba la moshi liko wazi, linaningoja. Fundi akilishusha Jumatatu, nafasi hii haitarudi.

Kesho wote watakuwa kwenye misa ya shukrani. Naogopa sana, kwa hiyo nimejiandaa. Nimeazima kinu kwa jirani yetu Bernadeta, kikubwa kuliko kile. Na safari hii nimemwarifu Mzee Luhaga mapema kwamba akiona miguu, ni yangu, na ni mizima. Amenielewa vizuri. Amesema nisiwe na wasiwasi, watu wake atawaweka palepale, tayari kuinua.